Kwa nini kipeuo kinaleta jibu la uongo, na kwa nini wakati mwingine kinapoteza la kweli

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, najiandaa na mtihani wa kidato cha sita. Vipeuo vinanisumbua. Kwenye √2x + 3 = x nilipata x = 3 na x = −1, lakini kitabu kinasema 3 tu. Nikaambiwa ni lazima kuhakiki majibu, nikakubali. Sasa kwenye √(x + 2) > x nilipata −1 < x < 2. Nikahakiki kwa 0, nikahakiki kwa 1, zote zikakubali, na bado kitabu kinasema nimekosa. Kama kuhakiki nako hakusaidii, nifanye nini? Na hiyo −1 ilitoka wapi hasa?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike kirefu. Wanafunzi wengi hukariri "hakiki majibu" bila kujua sheria hiyo inawalinda na nini, na ikishindwa kuwalinda hudhani wao ndio hawana akili ya hisabati. Hapana. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya milinganyo. Ukiipeleka kwenye sentensi za kutolingana, yaani zile zenye alama za < na >, inakuacha njiani. Maswali yako yote mawili yana chanzo kimoja: ukipandisha namba kwenye kipeo cha pili, yaani ukiizidisha kwa yenyewe, alama yake ya chanya au hasi inafutika. Ilipofutika kwenye swali la kwanza ulipata jibu la ziada. Ilipofutika kwenye la pili, majibu ya kweli yalikuponyoka.

Kabla ya hayo, neno moja kuhusu uandishi. Uliandika √2x + 3 = x. Nimechukulia kuwa ulikusudia √(2x + 3) = x, kwa sababu huo ndio unaozaa 3 na −1. Kama kipeuo kingeishia kwenye 2x, mlinganyo ungekuwa mwingine na jibu lake lingekuwa 4 + √7. Mwanahisabati Christoff Rudolff alipoichapa alama ya √ mwaka 1525, haikuwa na ule mstari wa juu unaofunika namba zilizomo ndani. Mstari huo tunaukuta kwa René Descartes, mwaka 1637. Kwenye simu hatuna mstari, kwa hiyo mabano ndiyo mstari wetu. Yaweke kila mara, hata unapojiandikia mwenyewe, maana nimeona wanafunzi wakikosa swali zima kwa kusahau kipeuo chao kinaishia wapi.

Sasa tuitafute hiyo −1.

Alama ya √ ina maana moja tu: kipeuo kisicho hasi. Mlinganyo x² = 9 una majibu mawili, 3 na −3, lakini √9 ni 3 peke yake. Ukitaka −3 unaandika −√9. Hayo ni makubaliano, na yana faida kubwa, kwa sababu bila hayo √9 + √4 ingekuwa na thamani nne tofauti na hakuna ambaye angeweza kukokotoa chochote.

Chukua uongo ulio wazi: −5 = 5. Upandishe pande zote mbili kwenye kipeo cha pili. Unapata 25 = 25, ambao ni ukweli. Hatua halali kabisa imegeuza uongo kuwa kweli. Kutoka a = b kwenda a² = b² ni salama, ila ukitaka kurudi, a² = b² inakuambia tu kwamba a = b au a = −b, na haikuambii ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo ulipoandika 2x + 3 = x², ukapata x² − 2x − 3 = 0, kisha (x − 3)(x + 1) = 0, ulikuwa unatatua milinganyo miwili kwa wakati mmoja bila kujua. Wa kwanza ni wako, √(2x + 3) = x. Wa pili ni ndugu yake, −√(2x + 3) = x, ambao hukuulizwa. Weka −1 kwenye huo wa pili: −√1 = −1. Inakubali! Kumbe −1 ni jibu sahihi la swali la mtu mwingine. Mimi huliita jibu pandikizi, kwa sababu limepandwa na hatua yetu wenyewe na linafanana kabisa na wenyeji.

Jibu pandikizi si kosa la hesabu. Hata ukokotoe kwa uangalifu namna gani, litakuja. Nataka ulione kwenye jambo la kweli, mbali na daftari.

Uko kando ya kisima kirefu, hujui urefu wa kamba unaohitaji. Unadondosha jiwe na kuhesabu muda: sekunde 3 ndipo mlio wa maji unafika masikioni. Jiwe lilitumia muda kushuka, kisha sauti ikatumia muda kupanda. Ukiacha upinzani wa hewa, jiwe hushuka mita d kwa sekunde √(d/4.9), na sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo:

√(d/4.9) + d/340 = 3

Acha kipeuo peke yake upande mmoja: √(d/4.9) = 3 − d/340. Pandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili, panga vizuri, tatua mlinganyo wa kipeo cha pili unaobaki. Unapata d karibu 40.7 na d karibu 25,591. Jibu la kwanza ni kisima cha mita 40.7. La pili ni kisima cha zaidi ya kilomita 25! Liweke kwenye mlinganyo wa asili: upande wa kulia, 3 − 25,591/340, unakuwa karibu −72, na kipeuo hakiwezi kuwa hasi. Ni pandikizi. Hapa akili ya kawaida imetusaidia kulikamata, lakini kwenye mtihani x haina maji wala kamba, na huna budi kutumia hoja ile ile kwa alama peke yake: kipeuo hakiwi hasi, kwa hiyo upande kinaolinganishwa nao hauruhusiwi kuwa hasi. (Ukiisahau sauti na kutumia jiwe peke yake, utapata 4.9 × 9 = mita 44.1. Hiyo ni tofauti ya mita 3 na zaidi, na kamba ni pesa.)

Kwenye mlinganyo wako, hoja hiyo inasema hivi: √(2x + 3) = x, kushoto si hasi, basi x ≥ 0. Iandike pembeni kabla hujapandisha chochote. −1 ikija, mlango umeshafungwa. Naipenda njia hii kuliko kusubiri kuhakiki mwishoni, na utaona sababu tukifika kwenye kutolingana.

Kuna mambo machache ya ufundi ambayo lazima yakae mkononi kwanza.

La kwanza ni kukiacha kipeuo peke yake kabla ya kupandisha. Chukua √(x + 7) − 1 = x. Mwanafunzi akipandisha hapo hapo, mara nyingi huandika x + 7 − 1 upande wa kushoto, na hilo ni kosa. (√(x + 7) − 1)² ni x + 7 − 2√(x + 7) + 1. Kipeuo bado kipo, na sasa kimebeba mzigo zaidi. Hamisha −1 kwanza: √(x + 7) = x + 1, ambapo lazima x ≥ −1. Kisha x + 7 = x² + 2x + 1, yaani x² + x − 6 = 0, na majibu ni 2 na −3. Sharti limeshaikataa −3. Linabaki 2, na √9 − 1 = 2 kweli.

Vipeuo vikiwa viwili, weka kimoja kila upande na ukubali kupandisha mara mbili. √(x + 5) + √x = 5 unakuwa √(x + 5) = 5 − √x. Pandisha: x + 5 = 25 − 10√x + x. Tazama x zinavyoondokana, inabaki 10√x = 20, x = 4. Hakiki: 3 + 2 = 5.

Lakini si kila wakati mambo ni mepesi hivyo, na mfano ufuatao nauchukua kwa makusudi kwa sababu tutaurudia:

√(3x + 1) − √(x − 1) = 2

Hamisha: √(3x + 1) = 2 + √(x − 1). Pandisha: 3x + 1 = 4 + 4√(x − 1) + x − 1. Panga: 2x − 2 = 4√(x − 1), yaani x − 1 = 2√(x − 1). Hapa ndipo mkono unapowasha. Unaona √(x − 1) pande zote mbili (maana x − 1 ni √(x − 1) mara √(x − 1)), unataka kugawanya. Ukigawanya unapata √(x − 1) = 2, x = 5, na unaondoka ukiwa umeridhika. Umepoteza jibu. Kugawanya kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri ni kukitupa nje bila kukisikiliza. Badala yake ita √(x − 1) kwa herufi moja, tuseme u. Unapata u² = 2u, u(u − 2) = 0, u = 0 au u = 2, hivyo x = 1 au x = 5. Hakiki zote: kwa 1, √4 − 0 = 2. Kwa 5, √16 − √4 = 2. Zote mbili ni za kweli. Nawasihi wanafunzi wasiingie na imani kwamba jibu moja kati ya mawili lazima liwe bandia. Wapo wanaokata jibu zuri kwa mazoea tu.

Na kuna maswali yasiyo na jibu, ambayo macho yakitangulia kalamu hutumii hata dakika. √(x − 2) + 5 = 3 ina maana √(x − 2) = −2, haiwezekani. √(x − 5) + √(3 − x) = 2 inataka x iwe angalau 5 na wakati huo huo isizidi 3. Hakuna namba hiyo. Kwenye vipeuo vya pili, kila kilicho chini ya alama lazima kiwe sifuri au zaidi, ndipo x iwe na mahali pa kukaa. Mahali hapo nitapaita eneo halali. Kipeuo cha tatu hakina masharti haya: kipeuo cha tatu cha −8 ni −2, na kupandisha kwenye kipeo cha tatu hakufuti alama, kwa hiyo ukiwa na kipeuo cha tatu cha (2x − 1) ambacho ni sawa na 3, unaandika 2x − 1 = 27, x = 14, umemaliza.

Sasa kuna mlinganyo mmoja ambao unaonyesha kuwa hata kwenye milinganyo, kuhakiki mwishoni kuna kikomo chake:

√(x² − 6x + 9) = x − 3

Pandisha: x² − 6x + 9 = x² − 6x + 9. Kila kitu kinaondokana, 0 = 0. Je, kila x ni jibu? Jaribu 0: √9 = 3, na kulia ni −3. Hapana. Huwezi kuhakiki namba zote moja moja, hazina mwisho. Ni sharti pekee linalokuokoa: x − 3 ≥ 0, basi jibu ni kila x kuanzia 3 na kuendelea. Chini ya kipeuo kuna (x − 3)², na kipeuo cha kitu kilichopandishwa kwenye kipeo cha pili ni ukubwa wake bila alama, |x − 3|. Mtu akikuambia √(x²) ni x, mwambie ni x kama x si hasi, vinginevyo ni −x.

Nimeuleta mfano huo kwa sababu ndiyo hali yako ya pili. Jibu la sentensi ya kutolingana kwa kawaida ni kipande kizima cha mstari wa namba. Wewe ulihakiki 0 na 1, zikakubali, na zilikuwa na haki ya kukubali. Uliyokosa yalikuwa nje ya kipande chako, mahali ambapo hukuwa na sababu ya kwenda kutazama. Kuhakiki hufichua jibu lililoongezeka. Lililopotea, huwezi kulihakiki kwa sababu hulioni.

Na kwenye kutolingana, majibu hupotea kweli. Tazama: −5 < 2 ni kweli. Pandisha: 25 < 4 ni uongo. Kwenye milinganyo kupandisha hakujawahi kugeuza kweli kuwa uongo, kunageuza uongo kuwa kweli tu. Kwenye kutolingana kunafanya yote mawili. Kipeo cha pili kinapima umbali wa namba kutoka sifuri, hakijali iko upande gani. Namba mbili zisizo hasi zikipandishwa, mpangilio wao unabaki ulivyokuwa. Mbili hasi, mpangilio unageuka. Moja hasi na nyingine chanya, mpangilio baada ya kupandisha haukuambii lolote kuhusu mpangilio wa mwanzo.

Basi turudi kwenye √(x + 2) > x.

Eneo halali kwanza: x + 2 ≥ 0, yaani x ≥ −2. Kisha jiulize kuhusu upande wa kulia, ambao una x peke yake: ni hasi au si hasi? Hujui, kwa hiyo gawanya safari njia mbili.

Ikiwa x ni hasi, kati ya −2 na 0, kushoto kuna kipeuo kisicho hasi na kulia kuna namba hasi. Kushoto ni kubwa bila hesabu yoyote. Namba zote hizo ni majibu: −2 ≤ x < 0.

Ikiwa x ≥ 0, pande zote mbili si hasi, na sasa una ruhusa ya kupandisha: x + 2 > x², x² − x − 2 < 0, (x − 2)(x + 1) < 0, −1 < x < 2. Chukua zile tu zilizo ndani ya sharti x ≥ 0: 0 ≤ x < 2.

Unganisha vipande viwili: −2 ≤ x < 2. Hicho ndicho kitabu chako kilichosema. Ulichopoteza ni kuanzia −2 hadi −1. Jaribu −1.5: √0.5 ni karibu 0.71, kubwa kuliko −1.5, hakuna ubishi. Lakini ulipopandisha, −1.5 iligeuka 2.25, ikaonekana kubwa kuliko 0.5, ikatupwa nje. Na −1 yenyewe uliyoiweka kama mpaka si mpaka wa kitu chochote hapa. Ni lile pandikizi la mlinganyo √(x + 2) = x, limejigeuza ukuta.

Geuza alama sasa: √(x + 2) < x. Hapa kipeuo ni kidogo kuliko x, na kipeuo si hasi, hivyo x lazima iwe chanya. Hakuna njia ya pili. Kwa x > 0 pandisha: x + 2 < x², x > 2 au x < −1. Sharti linaikata x < −1. Jibu ni x > 2. Asiyeandika sharti angeingiza pia x < −1, na safari hii kuhakiki kwa −1.5 kungemwonyesha kosa.

Ziweke hizo sentensi mbili pamoja. Eneo halali ni kuanzia −2 kwenda kulia. Kutoka −2 hadi kabla ya 2, kipeuo kikubwa. Kwenye 2, sawa. Baada ya 2, x ndiyo kubwa. Vipande vimegusana vizuri, hakuna pengo wala kupandana. Ukiwa na wasiwasi kwenye mtihani na una muda, tatua sentensi iliyogeuzwa na uone kama vipande vyako vinajaza eneo halali lote. Huo ndio uhakiki unaoweza kufichua jibu lililopotea.

Kwa ujumla basi, tuseme chini ya kipeuo kuna A na upande wa pili kuna B. √A < B inadai mambo matatu kwa pamoja: A ≥ 0, B > 0, na A < B². √A > B inakubali kwa njia mbili: ama B ni hasi na A ≥ 0 tu inatosha, ama B ≥ 0 na A > B² (hapa huhitaji kuandika A ≥ 0, kwa sababu kinachozidi B² hakiwezi kuwa hasi). Ukikutana na √A < √B, pande zote si hasi, pandisha bila hofu lakini kumbuka A ≥ 0. Usizikariri kama shairi. Jiulize "B ina alama gani?" na zitajileta zenyewe. Hata swali jepesi kama √(x − 1) < 3 linawakamata wanaosahau eneo halali: wanaandika x < 10, na 0 inaingia, wakati √(−1) haimo kwenye namba halisi. Jibu ni 1 ≤ x < 10.

Vipeuo vikiwa viwili au vitatu, kugawanya safari kwa alama kunachosha na makosa huzaliana. Hapo mimi hutumia njia nyingine. Tafuta eneo halali. Tatua mlinganyo wake, yaani weka = mahali pa > au <, na uhakiki majibu mpaka mapandikizi yote yatoke. Chora mstari wa namba, weka nukta kwenye majibu ya kweli. Nukta hizo zinagawanya eneo halali vipande. Chukua namba moja kutoka kila kipande, ijaribu kwenye sentensi ya asili. Ikikubali, kipande kizima kinakubali. Njia hii ina msingi: grafu za vipeuo hivi hazikatiki ndani ya eneo halali, na tofauti ya pande mbili haiwezi kutoka chanya kwenda hasi bila kupita kwenye sifuri, na sifuri zote umeshaziweka nukta.

√(x + 5) + √x > 5: eneo ni x ≥ 0, nukta ni 4 tuliyoipata juu. Jaribu 0: √5 ni karibu 2.24, haifiki 5. Jaribu 9: √14 + 3 ni karibu 6.74, inapita. Jibu x > 4.

Na sasa ule mfano niliouahidi, √(3x + 1) − √(x − 1) ≥ 2. Eneo ni x ≥ 1. Nukta ni 1 na 5. Jaribu 2, iliyo katikati: √7 − 1 ni karibu 1.65, haifiki. Jaribu 10: √31 − 3 ni karibu 2.57, inafika. Wengi wataandika x ≥ 5 na kufunga daftari. Lakini alama ni ≥, usawa unaruhusiwa, na kwenye x = 1 pande ni sawa kabisa. Jibu ni x = 1 au x ≥ 5. Namba moja imesimama peke yake kushoto, majirani zake wote wamekataliwa, na bado ni jibu halali. Aliyegawanya kwa √(x − 1) kule mwanzo hataiona kamwe. Kama alama ingekuwa > tupu, 1 ingetoka na 5 ingetoka, ibaki x > 5.

Kwa kisima chetu pia njia hii inafaa. Una kamba ya mita 30 na unataka kujua ni muda gani ukiusikia mlio utajua kamba inatosha. √(d/4.9) + d/340 inakua kadiri d inavyokua, haina kona, kwa hiyo weka 30 upate mpaka: karibu sekunde 2.56. Mlio ukija kabla ya hapo, kamba inafika majini. Ukichelewa, tafuta kamba ya kuongeza.

Kabla ya kulala leo fanya hizi mbili bila kutazama juu, na kila hatua uandike sharti lake pembeni: √(x + 6) ≥ x, na √(4 − x) < x + 2. Ya kwanza inapaswa kukupa −6 ≤ x ≤ 3. Ukipata −2 ≤ x ≤ 3, umerudia kosa la √(x + 2) > x na umepoteza kipande kutoka −6 hadi −2. Ya pili ni 0 < x ≤ 4. Ukiona x < −5 imeingia, hukuandika kuwa x + 2 lazima iwe chanya. Ukiona jibu lako halina kikomo cha 4, ulisahau kutazama chini ya kipeuo.